Redio Tuliyoijibu kwa Kadi

Kabla ya adhana ya alfajiri, kurasa za mbele za magazeti ya Dar es Salaam huwa zimekwisha kuingia kwenye simu. Mtu kazipiga picha, kaziweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mwingine kazihamishia kwenye la kikoba, na hakuna ajuaye nani alianza. Saa moja asubuhi kurasa zile zile zinasomwa redioni na kwenye televisheni: mtangazaji ameinamia meza iliyojaa magazeti, anasoma kichwa cha habari, anakirudia kwa sauti ya kejeli, mwenzake anadakia. Saa mbili magazeti yenyewe yamepangwa kwenye meza ya muuzaji pale kituo cha daladala, na watu kumi wamesimama kuyasoma bila kununua hata moja, huku wakibishana. Habari imechapwa mara moja, imeishi katika vyombo vitatu, na aliyelipia karatasi ni mmoja tu.

Mchapishaji ana haki ya kuuita huo wizi. Lakini anayeufuatilia kwa muda ataona kwamba ni kazi ya zamani sana, na kwamba magazeti hayo hayo yaliwahi kuifanya yenyewe.

Mwaka 1964 mwanazuoni wa Kanada, Marshall McLuhan, aliandika katika kitabu chake Understanding Media kwamba kilichomo ndani ya chombo chochote cha mawasiliano ni chombo kingine: ndani ya maandishi mna usemi, ndani ya chapa mna maandishi, na kuendelea. Kauli hiyo inafaa kwa kuingilia ndani, ila ukiishia sebuleni hujaona uani. Inatuambia nini kimebebwa, haituambii waliobebewa wamekifanyia nini. Kwa jinsi ninavyoiona historia ya vyombo vya Kiswahili, karibu kila kilichokuja na sauti ya upande mmoja kiligeuzwa na watumiaji wake kiwe cha kujibizana. Gazeti la serikali liligeuzwa, redio iligeuzwa, filamu ya kigeni iligeuzwa, hata nguo. Mashairi na hadithi vimehama kutoka chombo hadi chombo, ndiyo, lakini mzigo ulio mzito kuliko yote umekuwa ile haki ya kujibu.

Kuna atakayesema binadamu yeyote hupenda kujibu. Kweli. Tofauti ni kwamba hapa kujibu ni sanaa yenye sheria zake. Tazama Mombasa ya Muyaka bin Haji, aliyezaliwa yapata 1776 na kufariki 1840. Alitunga wakati ambapo Mombasa ya Wamazrui ilikuwa ikivutana na Lamu na kumkabili Sultani Seyyid Said wa Omani, na mashairi yake mengi ama ni majibu ama ni chokochoko za kutaka majibu. Desturi ya malumbano humtaka ajibuye ashike bahari ile ile, na mara nyingi vina vile vile. Akiishiwa vina, hoja yake imekwisha hata kama ni ya haki. Chombo kilikuwa mdomo, kumbukumbu, na pengine kipande cha karatasi chenye hati za Kiarabu.

Muyaka alipofariki, mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki 1890, aliyakusanya kwa waliokuwa wakiyakumbuka na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akifanya kazi pamoja na mmisionari W. E. Taylor. William Hichens akayachapa kwa hati za Kirumi mwaka 1940, miaka 100 kamili tangu mshairi azikwe, na kitabu kikatoka Johannesburg. Mdomoni, kwenye wino, kwenye risasi za mtambo wa chapa: njia nzima hiyo shairi lilisafiri likiwa salama kwa maneno, ila lilimwacha mwenziwe nyuma. Mara nyingi ukisoma diwani hiyo unasikia upande mmoja wa maongezi, kama anayemsikiliza mtu akizungumza na simu. Aliyejibiwa hayupo, na wakati mwingine hatumjui. Ndivyo kitabu kilivyo: hutunza kauli, hupoteza baraza.

Gazeti lilirudisha baraza. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni Tanganyika, likitoka mara moja kwa mwezi, na kusudi lake lilikuwa wazi: serikali iseme, wenyeji waliofundishwa kusoma wasome. Wasomaji wakaanza kutuma mashairi. Mtu wa Tanga akiuliza fumbo, jibu lilitoka Ujiji miezi miwili mitatu baadaye, na mwezi uliofuata wa Lindi akawakosoa wote wawili. Watu hao hawakupata kuonana. Shaaban Robert alipitia uwanja huo kabla hajawa jina la kwenye majalada ya vitabu. Mshairi Akilimali alijiita Snow-White, lakabu ambayo hata leo ingepita vizuri kwenye Instagram. Lakabu zilikuwa nyingi, na zilifanya kazi ile ile zinayoifanya mtandaoni sasa: kumpa mtu uso wa hadharani usio ule wa nyumbani au wa kazini.

Chombo nacho kikalifinyanga shairi. Safu ya gazeti ni nyembamba na mhariri ana nafasi ya kugawa. Utenzi wa beti 500, ambao katika karatasi za mnakili wa Lamu ulijitanua utakavyo, haukuwa na pa kukaa. Shairi la mishororo minne, mizani 16 kwa kila mshororo, 8 kwa 8, lilikaa vizuri: beti sita au saba, kituo, jina na anwani. Umbo hilo lilikuwapo tangu enzi za Muyaka, gazeti halikulizua. Lakini nadhani ni gazeti lililolifanya liwe ndilo shairi, kiasi kwamba kizazi kizima kilikua kikiamini hakuna jingine. Mhariri anayepokea rundo la barua kila mwezi anahitaji kipimo cha kukataa, na hakuna kipimo rahisi kuliko kuhesabu mizani. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliandika kanuni ambazo ukurasa wa mashairi ulikuwa umekwisha kuwazoesha wasomaji.

Kwa mtazamo huo hata ule ugomvi mkubwa wa miaka ya 1970 unaonekana vingine. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, akiacha vina na mizani, wengi waliuona ni ugomvi wa wazee na vijana, au wa waswalihina na wasomi wa chuo kikuu. Mimi nauona pia kuwa ni ugomvi wa vyombo. Shairi huru ni mtoto wa kitabu. Limeandikwa kusomwa na mtu mmoja, kimya, chini ya taa yake, na wala halimtaki amjibu mtunzi. Shairi la vina ni mtoto wa baraza aliyelelewa na gazeti, nalo hudai jibu. Ndiyo maana wanamapokeo walikasirika kupita kiasi: waliona mtu amesimama katikati ya uwanja wa malumbano akiongea peke yake.

Isidhaniwe kwamba kujibizana kulikuwa uhuru usio na mipaka. Katika gazeti la serikali ungeweza kubishana kuhusu ndoa, ulevi, na kipi bora kati ya mali na elimu, lakini si kuhusu aliyekupa uwanja. Baada ya uhuru lilizuka jambo la ujanja zaidi. Mathias Mnyampala aliiendeleza ngonjera, shairi la watu wawili wanaobishana, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilipotoka 1970 na 1971 vilisambaa mashuleni kuelezea siasa ya Ujamaa. Ndani ya ngonjera mjinga huuliza, mjuzi hujibu, na mwishoni mjinga hukubali. Umbo ni la majibizano, ila mshindi ameteuliwa kabla pambano halijaanza. Msidhani mtindo huo umezikwa. Washeni redio yoyote ya Dar es Salaam au Nairobi wakati wa matangazo ya biashara: jirani mmoja analalamika nguo zake hazitakati, mwenzake anamshangaa, sabuni inatajwa, wa kwanza anashukuru. Ni ngonjera ile ile, imebadilisha mwajiri.

Sasa redio yenyewe, na hapa ndipo hoja yangu ilipo nzito. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Hakuna chombo kilichokuwa cha upande mmoja kuliko redio. Gazeti unaweza kuliandikia barua, redio inasema na kunyamaza itakapo yenyewe. Msikilizaji afanye nini? Alinunua kadi.

Aliyekulia miaka ya 1970 au 1980 hahitaji kuelezwa kadi ya salamu ni nini. Ni kikaratasi kigumu chenye nafasi ya jina la mtumaji na anwani yake, nafasi za majina ya wanaosalimiwa, na mahali pa ujumbe au wimbo. Unakijaza, unakipeleka posta, unasubiri. Wiki mbili, mwezi, wakati mwingine milele. Siku kadi yako inapofika mezani, mtangazaji anaisoma kwa mwendo wa mbio, jina baada ya jina, lakabu baada ya lakabu, na wewe upo barazani na redio ya mkulima imewekwa kwenye dirisha. Wanaosalimiwa nusu yao wanakaa mtaa ule ule. Ungeweza kuwafikia kwa miguu kabla wimbo haujaisha.

Wataalamu wa mawasiliano wakiitazama kadi hiyo kama njia ya kupeleka habari wataiona ya kipuuzi, kwani haikupeleka habari yoyote. Ilipeleka hadhi. Kutajwa jina mbele ya nchi nzima, na mtu mwenye sauti ambayo juzi ilisoma hotuba ya rais, ni jambo ambalo kubisha hodi mlangoni hakuwezi kulitoa. Tena anayesalimiwa alikuwa na deni la kurudisha, kwa kadi. Hivyo redio ya taifa, iliyoundwa kuwaambia watu, ikawa posta yao na ukumbi wao, na kwa saa kadhaa za juma watangazaji walikuwa wakisoma maandishi ya wasikilizaji. Kenya walikuwa na mchezo huo huo. Watuma salamu wa huko na wa Tanzania waliunda vilabu, wakachangiana kwenye harusi na misiba, wakasafiri kwenda kuonana na watu waliowajua kwa lakabu pekee. Hata kipindi cha Leonard Mambo Mbotela, Je, Huu ni Uungwana?, kilichoanza 1966, kilisimama juu ya desturi hiyo: mtangazaji aliuliza, na umma ukaletewa mwenendo wake mwenyewe ili uuhukumu.

Vyombo vingine nitavipitia kwa haraka. Santuri ilimchukua mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928, ikaifanya sauti yake isikike kwenye mikahawa ambayo hakupata kukanyaga. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulibeba dakika tatu hivi, kwa hiyo wimbo uliozoea kunyooshwa mpaka wasikilizaji watosheke ulibidi ukatwe au ugeuzwe upande wa pili. Mwimbaji hakuweza tena kuona nani amenuna na nani ametabasamu ili aongeze ubeti. Taarabu ililipiza miaka mingi baadaye: makundi ya Tanzania One Theatre na Muungano yalipokabiliana kwa mipasho katika miaka ya 1990, kaseti ya kundi moja ilijibiwa na kaseti ya jingine, na mashabiki walinunua zote mbili kwa sababu moja pekee haikuwa na maana.

Televisheni nairuka. Tanzania Bara iliipata kwa kuchelewa, vituo binafsi vilipoanza 1994, na sehemu kubwa ya maisha yake hadi leo imekuwa redio yenye picha.

Kanga siwezi kuiruka. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilianza 1887 na ambaye alama yake ya Mali ya Abdulla ingali inajulikana, ni miongoni mwa walioeneza kanga zenye maandishi. Maandishi hayo yalikuwa ya hati za Kiarabu kabla ya kuwa ya Kirumi. Watu huyaita jina la kanga. Mwenye kiwanda huchapa jina moja kwenye maelfu ya vipande, hajui litamfikia nani. Mnunuzi ndiye anayeligeuza barua. Mke mwenza anapita mbele ya mwenziwe, jina limekaa vizuri mgongoni, na akiulizwa atasema nimevaa nguo tu, wewe kwani limekugusa? Kesho yake mwenziwe yuko dukani anatafuta jina la kumjibu.

Nani leo anaweza kuangalia vijembe vinavyowekwa kwenye stetasi za WhatsApp asione kanga? Ni maneno yasiyotaja mtu, yanayoonwa na wote na kumchoma mmoja, na mwenye kuyaweka ana njia ya kutokea ile ile. Tena sasa ana faida ambayo mvaa kanga hakuwa nayo: anaona orodha ya waliotazama, na saa waliyotazama.

Filamu ilikuwa na ugumu wake, kwani waigizaji wa Hong Kong na India hawasikii. Katika vibanda vya video vya Tanzania akatokea Derek Mukandala, maarufu Lufufu, aliyeweka sauti yake juu ya filamu hizo kwa Kiswahili. Kumwita mkalimani ni kumpunja. Alieleza, alitania, aliwapa wahusika majina na nia, alimwonya mtazamaji kabla ya pigo. Hata Titanic haikusalimika. Kenya wana DJ Afro, na Uganda wana maveejay wao wanaofanya hivyo kwa Kiganda. Filamu iliyotengenezwa kwa mamilioni ya dola inageuka malighafi ya msimulizi, kama ngano ilivyokuwa malighafi ya bibi, na hao vijana wanaojirekodi wakitazama video ya mtu mwingine huku wakiicheka wamefika baada ya Lufufu kwa miaka mingi.

Simu ya mkononi, kwa hiyo, ilikuta nyumba imekwisha kupangwa. Hadithi za magazetini zilizoishia kwa neno “itaendelea” zimehamia Facebook na kwenye magrupu ya kulipia, na mtunzi anayekatisha penye utamu sasa anaweza kudai laiki mia kabla ya kuendelea, kitu ambacho mhariri wa gazeti asingekiruhusu. Kadi ya mchango wa harusi imekuwa picha yenye namba ya kutumia pesa, na chini yake orodha ya waliotoa, inayonakiliwa upya kila jina jipya linapoingia. Mzee wangu mmoja huisoma orodha hiyo kwa sauti, jina na kiasi, kwa mwendo ule ule wa watangazaji wa salamu. Matangazo ya vifo, ambayo familia zilikuwa zikiyangoja redioni kwa kunyamazisha watoto, yanafika sasa kabla maiti haijatoka wodini. Si kila wepesi ni wa kushangiliwa.

Ujumbe wa sauti una historia yake peke yake. Katikati ya miaka ya 1970, wakati wa uchaguzi wa Lamu Mashariki, washairi wa pande mbili walirushiana mashairi yaliyojulikana kama kimondo, yakarekodiwa kwenye kanda na kupita nyumba hadi nyumba. Kanda iliwarudishia watu wa Lamu kitu ambacho chapa haikuwa nacho: shairi lenye mahadhi yake, kwa lahaja yake, bila mhariri wa bara wa kulisanifisha. Ustadh Mahmoud Mau wa mji huo huo amepitia karatasi, kanda na simu katika umri mmoja wa utunzi. Anayetuma shairi kwa sauti leo anaweza kulipeleka Mombasa, Muscat na London kwa dakika moja, na jibu likarudi kwa vina vile vile kabla ya adhuhuri.

Kilichobadilika kweli ni mambo mawili. La kwanza ni kungoja. Malumbano ya Mambo Leo yalikuwa na mwezi mzima katikati, mtu akapata kutafuta vina na kupoza hasira. Mashabiki wa wanamuziki Diamond na Ali Kiba hawana hata dakika. Jibu linatoka likiwa bichi, na ufundi wa kuficha tusi ndani ya taswira, ambao ndio uliokuwa sifa ya mpashaji hodari, umebaki kwa wachache. La pili ni mtu wa katikati. Mhariri, mtangazaji, mnakili: kila mmoja alizuia mambo mengi, mengine kwa ubaya, lakini kila mmoja pia aliacha nakala. Admini wa grupu anaweza kumtoa mtu, hana wajibu wa kutunza alichosema.

Kwa hili la pili nina hofu kubwa. Malumbano ya Mambo Leo tunayasoma kwa kuwa karatasi zimehifadhiwa maktabani. Muyaka tunaye kwa sababu ya Sikujua. Kadi za salamu zilisomwa na kutupwa, kwa maelfu, na hakuna aliyedhani zina thamani. Kanda nyingi zimefutwa kwa kurekodiwa juu yake. Mashairi yanayojibizana leo kwenye magrupu ya Mombasa, Tanga na Bujumbura, mengine yakiwa mazuri kweli, yamo ndani ya simu ambazo zitaanguka majini, zitaibiwa, au zitajaa na kufutwa ili picha mpya zipate nafasi.

Kwa hiyo, msomaji, kama kwenu juu ya kabati kuna boksi la kanda, au ndani ya kitabu cha zamani kimesalia kikadi cha salamu kisichotumwa, usikitupe. Andika nyuma yake ni cha nani, wapi na mwaka gani. Na kama wewe ni admini wa grupu la washairi, hamishia yaliyomo mahali penye nakala ya pili, pamoja na majina ya waliojibizana na tarehe zao, kabla hujabadilisha simu.